Mipira Kumi na Minne Iliyompita Noah

Mume wangu alibadilishwa kwa mrushaji mmoja na mipira kumi na miwili mipya. Hivyo ndivyo alivyosema Wesley, Alhamisi asubuhi, katika ujumbe wa sauti ulionikuta jikoni nikimenya viazi.

"Shemeji, mambo yameiva," alisema, na nyuma yake nilisikia redio ya gari. "Bani Malik wamekubali. Wanatupa Brayo na dazeni ya mipira, ile ya ngozi. Sisi tunawapa Noah. Niandikie barua ya katibu, uambatanishe namba zake, nizipate kabla ya Maghrib. Dirisha la usajili likifungwa na hatuna mrushaji, tusahau mchujo."

Niliusikiliza ujumbe huo mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani ni utani, maana Wesley hawezi kumaliza sentensi bila utani. Mara ya pili nikagundua kwamba hakuna aliyecheka. Mara ya tatu nilikuwa nimekikata kiazi vipande visivyofaa chochote, na kidole kilikuwa kinatoka damu. Nilikifunga kitambaa, nikaendelea na viazi vilivyobaki, kwa sababu watoto wa madam hurudi kutoka shule na njaa, na njaa yao haijui hasira yangu.

Watu wakisikia kwamba Wakenya wa Riyadh wana timu ya besiboli hucheka. Wacheke. Kwetu Meru kuna shule zilizofundishwa mchezo huo tangu tukiwa watoto, na Noah aliucheza tangu darasa la sita kwa gongo la mti wa mjohoro. Alipofika Riyadh kuwa askari wa lindo akakuta Wafilipino na Wapakistani wana ligi, akakusanya wenzake: madereva, walinzi, wapakiaji wa mizigo. Wengine hawakuwa wamewahi kuona glovu. Wakajiita Suwaidi kwa sababu kiwanja chao, uwanda wa vumbi nyuma ya maghala, kiko mtaa wa jina hilo. Ligi ina timu nne Riyadh na nne Jeddah. Mbili za juu za kila mji hukutana kwenye mchujo, huko Jeddah, mwezi wa tatu. Sisi tulikuwa wa tatu, mechi mbili nyuma ya Wapakistani, na tatu zimebaki.

Wesley ndiye kocha. Lakini Wesley pia ni msimamizi katika kampuni ya ulinzi inayomwajiri Noah, na kampuni hiyo ina malindo Riyadh na Jeddah. Brayo, mrushaji wa Bani Malik ya Jeddah, ni askari wa kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo Wesley aliposema "tunawapa Noah" hakumaanisha fulana tu. Alimaanisha fomu ya kazi, kitanda kingine, lindo lingine, karibu kilomita elfu moja kutoka hapa niliposimama na kisu changu. Kuna fomu ya msimamizi ya kubadilishana askari wawili "kwa mahitaji ya kazi". Wesley alikuwa anaijaza kwa mahitaji ya mchujo.

Na mimi nilikuja Riyadh kwa sababu ya huyo askari mmoja. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, tumefunga ndoa miezi mitano, Noah ameshapanda ndege. Wakala wa Nairobi alinipa nyumba Dammam, nikakataa. Akanipa Abha, nikakataa. Alinitukana, akaniita bibi harusi mbele ya wasichana wote, nami nikakaa kimya miezi minne mpaka ikapatikana nyumba Al-Suwaidi. Sijui kupigana kwa maneno. Najua kukaa tu mpaka mtu achoke.

Mfanyakazi wa ndani hapewi siku ya kumwona mume kirahisi. Madam aliniambia wazi kwamba mambo ya wanaume hayataki. Ndipo Noah akapata akili: timu ilihitaji mtu wa kuandika kitabu cha mechi, nani karusha, nani kadaka, nani kakimbia. Nilimwonyesha madam kitabu hicho, na mistari yangu iliyonyooka, nikamwambia mimi ni katibu wa klabu ya michezo. Madam alisoma ng'ambo. Jambo hilo lilimfurahisha sana, akaanza kuwasimulia dada zake. Tangu hapo, kila Ijumaa kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, Zablon, dereva wa nyumba, hunipeleka kiwanjani. Ni saa tatu kwa jumla. Mbili huenda kwenye mechi. Ile moja inayobaki hukaa na Noah kwenye mkeka kando ya ukuta wa ghala, tukila chapati nilizopika asubuhi, mbele ya watu wote, kama watu waliokutana jana.

Hicho ndicho Wesley alichokuwa anakibadilisha kwa mipira kumi na miwili.

Nilimpigia Noah saa nne, madam alipotoka. Nilikuwa nimejipanga kumpa pole. Nilidhani hajui.

"Umeshasikia?" aliniuliza kabla sijasema neno. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kitu.

Alikuwa anajua tangu Jumanne. Zacharia mwenyewe, kocha wa Bani Malik, alikuwa amempigia simu kutoka dukani kwake Sharafiya, Jeddah, akamwambia hajaona mdakaji wa aina yake tangu ligi ianze. Bani Malik wana warushaji wawili wazuri na hawana mtu wa kuwadakia. Walikuwa wameuliza kwa Wafilipino, wakauliza kwa Wapakistani, kisha wakaona jedwali la namba ambalo katibu wa Suwaidi hulituma kila mwezi kwenye kundi la ligi.

"Msimu mzima mpira umenipita mara mbili," Noah alisema. "Mbili, Jerusha. Huyo Mfilipino wanayemsifu ana tisa."

Nilimuuliza kuhusu Ijumaa. Akasema kuna mabasi, na kwamba ningeweza kumwomba madam siku tatu kila baada ya miezi miwili.

"Madam yupi huyo?" nilimuuliza. "Kama umempata wa namna hiyo niambie nihamie kwake."

 Kisha akaniambia, kwa upole ambao ulinichoma kuliko angenifokea, kwamba tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumtaka. Hata kazi hii aliipata kwa sababu aliyekuwa mbele yake alianguka vipimo vya macho. Sasa timu mbili zinamvutana, na mimi nataka akatae.

"Mimi nilikutaka," nilisema. "Nilikaa miezi minne Nairobi nikitukanwa kwa sababu nilikutaka."

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

Alisema ameitwa getini. Huenda aliitwa kweli.

Niliweka simu kwenye mfuko wa aproni, nikaosha sinki ambalo lilikuwa safi. Niliwachukia wote: Wesley na fomu yake, Zacharia na duka lake la simu, Noah na furaha yake ya kitoto. Kisha ile namba mbili ikanirudia kichwani, na sikuwa na mtu mwingine wa kumchukia, kwa sababu namba hiyo niliiandika mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Mrushaji hurusha, mpigaji akikosa, mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake anatakiwa aushike mpira. Usiposhikwa, ukapita, mkimbiaji wa timu nyingine anapata nafasi ya kusonga. Hapo mwandishi wa kitabu huamua: je, mpira ulirushwa vibaya, au ulirushwa vizuri na mdakaji akaukosa? Ukirushwa vibaya naandika herufi ya mrushaji. Ukikoswa naandika ya mdakaji. Refa haulizwi. Kocha haulizwi. Anayejua ni yule aliyeshika kalamu.

Mpira wa kwanza kumpita Noah msimu huu ulikuwa mechi ya pili. Alikuwa ametoka lindo la saa kumi na mbili mfululizo, macho mekundu, na mpira ulimpita chini ya glovu kama kuku anayepita chini ya uzio. Aligeuka akanitazama. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu, na mimi nikaandika herufi ya mrushaji. Nilijiambia ni mara moja. Ijumaa iliyofuata ikawa ya pili. Kila nilipodanganya niliweka nukta ndogo ya penseli pembeni, maana nilifundishwa kutunza rejesta na sikuweza kuiachia rejesta iwe uongo mtupu. Kufikia mwezi wa kwanza nukta zilikuwa kumi na nne.

Na mrushaji alikuwa Onesmus.

Onesmus ni mpakiaji wa mizigo, mtu mkubwa asiyeongea, mrushaji bora tuliyewahi kuwa naye. Katika kitabu changu alikuwa na makosa ishirini na moja. Wesley alisoma kitabu, akamwambia mkono wake umechoka, akamketisha nje mechi tano mfululizo na kumweka Protus, ambaye hurusha kama anayewamwagia bata mahindi. Ndiyo maana tulishuka hadi nafasi ya tatu. Ndiyo maana Wesley alikuwa anatafuta mrushaji kama anayetafuta dawa. Na ndiyo maana Bani Malik walikuwa wanamtaka mume wangu. Nilikuwa nimempamba mwenyewe, nikamweka dirishani, halafu nikashangaa mnunuzi amesimama.

Madam aliporudi nilimwambia kuna karatasi ya klabu inayotakiwa kusainiwa leo. Alicheka. "Yalla, nenda, katibu," alisema, "urudi kabla watoto hawajala." Zablon alikuwa anaosha gari. Njiani aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia bado.

Walikuwa wote kiwanjani, mazoezi ya saa kumi na moja. Wesley alikuwa ameegesha pikapu ya kampuni kando ya mstari, na juu ya boneti alikuwa ametandaza karatasi mbili zilizokandamizwa kwa mipira ya zamani: moja ya ligi, moja ya kazi. Simu yake ilikuwa hapohapo, kipaza sauti kimewashwa, Zacharia akiwa upande wa pili dukani kwake. Nilimsikia mteja akibishana naye bei ya chaja. Noah alikuwa amevaa kinga za kifuani na miguuni ingawa mazoezi hayajaanza. Wenzake walikuwa wanampiga mabegani, wakimuuliza kama akifika baharini ataanza kuvaa miwani ya jua usiku.

"Katibu mwenyewe huyo," Wesley alisema. "Shemeji, usikasirike. Tukifika mchujo tunacheza Jeddah, utamwona mumeo bure, na basi nalipa mimi."

Wakacheka. Noah naye alicheka, huku akiangalia viatu vyake.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Yote yalikimbia. Nilipofungua mdomo ikatoka sauti ndogo ambayo hata mimi sikuisikia. Wesley akanisogezea kalamu. Kalamu ile, alivyoniwekea mkononi kama anayempa mtoto kijiko, ndiyo iliyonisaidia. Niliirudisha juu ya boneti, nikafungua kitabu na kuanza kusoma.

"Mechi ya pili, zamu ya nne. Mpira ulirushwa vizuri. Ulimpita Noah. Mimi nikaandika ni kosa la Onesmus."

Hakuna aliyeelewa. Nikasoma unaofuata.

"Mechi ya tatu, zamu ya kwanza. Mzuri. Ulimpita Noah. Nikaandika Onesmus. Mechi ya tatu, zamu ya tano. Mzuri. Noah. Nikaandika Onesmus."

Nilipofika wa sita kicheko kilikuwa kimekwisha. Wesley alifunika simu kwa kiganja, akaniambia kwa sauti ya chini nikifunge hicho kitabu, haya tutayazungumza baadaye. Nilisoma wa saba kwa sauti kubwa zaidi. Sikuwahi kusoma kwa sauti kubwa namna hiyo, hata mbele ya darasa. Sikumwangalia Noah. Nilijua kwamba kila tarehe ninayoitaja ninamvua nguo mbele ya watu aliowakusanya mwenyewe, na sikuacha, kwa sababu nilikuwa na hasira naye, na nisiseme hapa kwamba ilikuwa kwa ajili ya ukweli tu.

Wa kumi na nne ulipokwisha, Zacharia ndiye aliyeongea kwanza, sauti yake ikitoka chini ya kiganja cha Wesley.

"Nani anasoma huko?"

"Ni katibu tu," Wesley alisema. "Kuna hesabu anasahihisha."

"Mama katibu," Zacharia akaita. "Jumla yake ngapi, za kweli?"

"Kumi na sita," nilisema.

Alipiga mluzi. "Wesley, huyo si mdakaji, huyo ni mlango wa msikiti, kila mtu anapita. Ulikuwa unaniuzia nini? Halas, basi. Brayo simtoi. Na mipira yangu usiitaje tena." Akakata.

Nilitegemea Wesley ndiye atakayenivamia. Lakini aliyesogea alikuwa Onesmus. Alikuja taratibu mpaka kwenye boneti, akakivuta kitabu kwake, akapitisha kidole chake kinene kwenye zile nukta, moja moja.

"Bega hili nimelikanda barafu wiki tano," alisema. "Nimempigia mama yangu nikamwambia mkono umeisha."

Nilisema samahani. Neno lilikuwa jepesi mno, lilianguka hapohapo.

"Kila Ijumaa ulikuwa unaniletea chapati ya pili," Onesmus alisema. "Mimi nikadhani huyu dada ananionea huruma."

Alikirudisha kitabu mikononi mwangu bila kukitupa. Afadhali angekitupa.

Noah alikuwa amechuchumaa. Nilidhani ameanguka, kumbe alikuwa anafungua kinga za miguuni, mkanda mmoja baada ya mwingine. Alizipanga kwenye mfuko, akaiweka barakoa juu yake, akainuka na kuanza kutembea kuelekea barabara kubwa. Protus alimwita, hakugeuka. Mimi sikumwita. Ningemwita nimwambie nini?

Wesley alikuwa amechukua fomu ya kazi na kuikunja mara nne.

"Umefurahi?" aliniuliza. Utani wote ulikuwa umemtoka, na niliona jinsi uso wake ulivyo bila utani. "Sina mrushaji. Sina mabadilishano. Timu za Jeddah zote zitajua namba zetu ni za kupika. Na wewe bado unataka Ijumaa zako? Ratiba ya malindo naipanga mimi. Kuanzia wiki ijayo mumeo atakuwa kazini kila Ijumaa, uje ukae na mkeka."

Hapo yale maneno yaliyokimbia yalirudi.

"Hiyo karatasi uliyoikunja," nilisema, "imeandikwa kwa mahitaji ya kazi. Mkubwa wako anajua kazi yenyewe ni besiboli? Mpange Noah Ijumaa moja tu kwa hasira zako, nitamwandikia. Naandika Kiingereza kizuri, na Kiarabu cha kutosha, na mwandiko wangu unaujua."

Aliitia ile karatasi mfukoni. Wale wengine walikuwa wanaangalia magari ya barabarani kana kwamba hawajawahi kuona magari. Wengi wao huzungushwa kama viti vya harusi. Protus amewahi kuamshwa akaambiwa afungashe, yuko Tabuk kuanzia leo. Hakuna hata mmoja wao ambaye angetaka afanyiwe alichokuwa anafanyiwa Noah, na dakika chache kabla walikuwa wanamchekea miwani ya jua. Nilitaka kuwaambia hivyo. Badala yake niliandika barua ya katibu juu ya boneti ya Wesley, mistari minne, nikaeleza namba za kweli za Noah na za Onesmus, nikaweka jina langu, nikaipiga picha na kuituma kwenye kundi la ligi. Adhana ya Maghrib ilianza tukiwa bado tumesimama. Dirisha lilifungwa. Suwaidi hawakuongeza mtu na hawakutoa mtu. Kitabu nilikiacha juu ya boneti.

Zablon alinifungulia mlango wa gari. Alikuwa ameshusha kioo, amesikia yote.

"Dada," alisema tulipoingia barabarani, "leo umeibomoa nyumba wewe mwenyewe ukiwa ndani."

Nilimwambia aangalie barabara.

Noah hakupiga simu, wala mimi sikupiga. Ijumaa asubuhi nilipika chapati kwa hasira, zikatoka ngumu. Nilimweleza madam kwamba sijui kama bado mimi ni katibu. Akasema huo si wakati wa kujiuzulu, dada yake anakuja chakula cha jioni na atataka habari, niende.

Kitabu kilikuwa mapajani mwa Celestine, msichana wa nyumba ya pili kutoka kwetu, ambaye huja kutazama tu na hajui tofauti ya besi ya mkimbiaji na kiti. Wesley alikuwa amempa bila kuniuliza. Onesmus alikuwa katikati ya kiwanja akinyoosha bega. Na nyuma ya mpigaji, amechuchumaa, barakoa usoni, alikuwa Noah.

Wale wawili hawakusemezana mechi nzima. Onesmus alirusha kama mtu anayegonga mlango wa aliyemdhulumu, na mlango ulikuwa Noah. Kila mpira ulilia kwenye ile glovu. Wafilipino walikosa na kukosa, wakaanza kutazamana. Kwa zamu sita tulikuwa mbele, tatu kwa mbili, na nikasikia watu wa kwetu wakianza kuhesabu: tukishinda hii, na Wapakistani wakipoteza, bado tuko ndani. Hata Wesley alisimama juu ya tairi.

Zamu ya mwisho mpira mmoja ulimpita. Ulikuwa mzuri, wa juu kidogo ya goti, na Noah alichelewa kushusha mkono. Wafilipino wawili wakakimbia wakafika kituo cha nyumbani, pointi mbili. Nne kwa tatu. Celestine alinigeukia, kalamu hewani, akiuliza kwa macho. Nilimwambia aandike alichokiona. Akaandika herufi ya mdakaji, kubwa, ya mviringo, kama ya mtoto wa chekechea. Wapakistani walishinda mechi yao jioni ileile, na mchujo wa Jeddah kwetu ukawa umekwisha.

Walipita mbele yangu mmoja mmoja bila kunisalimia. Protus peke yake aliniambia habari ya leo, kisha akajuta. Nilitandika mkeka kando ya ukuta wa ghala, kwa sababu sikujua kufanya jambo lingine, nikakaa upande mmoja na chapati zangu ngumu. Niliangalia saa. Zilibaki dakika ishirini na tano. Zikabaki ishirini.

Noah alikuja zilipobaki kumi na tano. Alikaa mwisho kabisa wa mkeka, miguu ikiwa kwenye vumbi, jasho limemchora michirizi usoni. Hakuchukua chapati. Alikuwa amekasirika kiasi kwamba masikio yake yalikuwa yanacheza, na mimi pia nilikuwa nimekasirika.

"Kumi na tatu," alisema.

"Nini?"

"Si kumi na nne. Kumi na tatu. Ule wa mechi ya sita, na Wapakistani, haukuwa wangu. Ulidunda."

"Ulikuwa wako."

"Ulidunda mbele yangu, Jerusha. Hakuna mdakaji duniani anayeshika mpira wa hivyo."

"Ulidunda nyuma yako, ukiwa umeshapita katikati ya miguu. Nilikuwa nimekaa hapo. Nilikuona."

"Umenisomea mbele ya watu kumi na wanane. Angalau ungesoma sawasawa."

"Na wewe ungekubali kwenda Jeddah, angalau ungeniuliza Jumanne."

 Alichukua chapati, akaitafuna kwa shida, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Alisema angeniuliza, ila alijua nitasema hapana. Nilimwambia huko ndiko kuuliza. Alisema sitajua kamwe ilikuwaje kusikia simu ile ya Zacharia, halafu kumsikia mtu huyohuyo akikuita mlango wa msikiti. Nilimwambia ni kweli, sitajua. Halafu akasema tena kwamba ulidunda.

Onesmus alikuwa amekaa mbali kidogo akifunga kamba za viatu, mgongo kwetu. Tangu jana hakuwa amenisemesha, na hakunisemesha hata sasa. Aliongea na kiatu chake.

"Haukudunda," alisema.

Noah aligeuka mzima. Wakaanza: wapi mpigaji alisimama, jua lilikuwa upande gani, ni mechi ya sita au ya saba. Onesmus aliinuka na kuja kuonyesha kwa kidole kwenye vumbi. Mimi nikasogea nichore mahali nilipokuwa nimekaa, na Noah akafuta mstari wangu kwa kisigino akisema hapo si hapo. Tulikuwa tunapiga kelele sote watatu Zablon alipopiga honi, mara moja, kisha mara mbili.

Nilikusanya vitu vyangu. Noah alikuwa bado amechutama juu ya ule mchoro, amenuna.

"Hatujamaliza," alisema.

"Ijumaa," nilimwambia. "Na ulete shahidi."